Friji haiui vijidudu: Yaliyotokea Johannesburg na yanayotokea jikoni kwetu

JOHANNESBURG — Jumapili ya tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya wa Afrika Kusini, Dakta Aaron Motsoaledi, aliketi mbele ya waandishi wa habari na kutaja chakula kilichokuwa kikiua watu nchini humo kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakikuwa uyoga wa porini wala nyama ya mzoga. Kilikuwa poloni, ile soseji nene ya rangi ya waridi ambayo hapa Johannesburg inawekwa katikati ya mkate wa mtoto anayekwenda shule, ndani ya kota ya Soweto pamoja na chipsi na achari, na katika magwinya yanayouzwa alfajiri kwenye vituo vya teksi. Hadi siku ile wagonjwa 948 walikuwa wamethibitishwa na watu 180 walikuwa wamekufa. Hesabu ilipofungwa Julai mwaka huo, wagonjwa walikuwa 1,060 na vifo 216. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, huo ndio mlipuko mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyowahi kurekodiwa duniani.

Ugonjwa wenyewe unaitwa listeriosi, na bakteria anayeuleta anaitwa listeria. Kabla ya hapo ni wachache miongoni mwetu waliokuwa wamelisikia jina hilo. Hata madaktari wa Afrika Kusini hawakulazimika kuuripoti serikalini hadi Desemba 2017, ulipoingizwa katika orodha ya magonjwa ambayo lazima yatolewe taarifa.

Tunairudia habari hii, ingawa miaka imepita, kwa sababu watu wengi walikumbuka jina la kampuni wakasahau jambo la pili. Waliosema kwamba kosa lilikuwa la kiwanda walisema kweli, nasi hatutaki kumbebesha mama wa nyumbani mzigo usio wake. Lakini poloni ile ilikaa kwenye friji za watu, friji nzima zinazofanya kazi, na ubaridi haukusaidia kitu. Sisi tuliotoka Bujumbura, Bukavu, Kigoma au Mombasa tukafika mji huu na kununua friji kabla ya kitanda, tuliamini kwamba kilichoingia humo kimepona. Wengi wetu bado tunaamini hivyo.

Kwanza tueleze jinsi kisa chenyewe kilivyofumbuliwa, maana ni kazi iliyofanywa hapa hapa Johannesburg na inastahili kujulikana. Katikati ya mwaka 2017 madaktari wa watoto wachanga katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, na ile ya Steve Biko, Pretoria, waliona jambo lisilo la kawaida: vichanga wengi mno walikuwa wakizaliwa na listeria katika damu. Wakaiarifu Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, iliyoko Sandringham. Taasisi ikaanza kuhesabu, na tarehe 5 Desemba 2017 Waziri akautangazia umma. Wagonjwa walikuwa wamefika 557 na vifo vilivyojulikana 36. Hata hivyo hakuna aliyejua chakula gani ndicho chanzo. Mgonjwa wa listeria anaweza kuanza kuumwa siku chache baada ya kula, au wiki tatu baadaye, au hata siku 70 baadaye. Nani kati yetu anakumbuka alichokula miezi miwili iliyopita?

Kilichovunja fumbo ni watoto. Ijumaa ya tarehe 12 Januari 2018 watoto tisa wenye umri wa chini ya miaka mitano, wote kutoka chekechea moja ya Soweto, walifikishwa Baragwanath wakiwa na dalili za kuumwa kutokana na chakula. Daktari wa watoto alishuku chakula cha chekechea na maafisa wa afya ya mazingira wakaenda huko siku ile ile. Walikuta poloni za kampuni mbili tofauti, wakachukua sampuli. Listeria ilipatikana katika choo cha mtoto mmoja na katika poloni zote mbili. NICD iliposoma vinasaba vya bakteria hao ilikuta ni wa aina ile ile, iitwayo ST6, iliyokuwa imepatikana kwa wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10 nchi nzima. Nyayo zikafuatwa hadi kiwanda cha Enterprise kilichoko Polokwane, kilichokuwa mali ya kampuni ya Tiger Brands. Zaidi ya asilimia 30 ya sampuli zilizochukuliwa katika mazingira ya kiwanda zilikuwa na listeria. Kati ya wagonjwa 109 waliohojiwa juu ya walichokula, 93 walisema walikula nyama za viwandani ambazo huliwa bila kupikwa, na poloni ilikuwa ya kwanza katika orodha.

Nchi jirani zikiwemo Msumbiji, Namibia, Botswana na Zambia zilifunga milango kwa bidhaa hizo. Madukani rafu zikaachwa wazi. Watu walipanga foleni kurudisha poloni na soseji za viena, wengine wakizibeba mikononi bila kuzifunga, jambo lililowatia hofu wataalamu kwa sababu bakteria huyo huhama kutoka kifungashio hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi kwenye mkate. Septemba 2018 serikali ilitangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Sasa tuje jikoni. Listeria ana tabia moja inayomtofautisha na vijidudu vingi vya chakula: baridi ya friji haimsimamishi. Vijidudu wengine wakiwekwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi hulala. Yeye anaendelea kuongezeka, polepole lakini bila kuchoka. Chumvi nayo haimtishi sana. Poloni hupikwa kiwandani, kwa hiyo listeria akiingia baada ya kupikwa, wakati wa kukatwa au kufungashwa, anakuta chakula laini kisicho na mshindani, kisha anapewa wiki kadhaa za kukaa friji. Mlaji anakata kipande, anakiweka kwenye mkate, anakula. Hakuna mahali moto ulipopita.

Moto ndio anaouogopa. Chakula kikifika nyuzi 70 hadi katikati, listeria hufa, na hivyo hivyo salmonela na wengine wengi. Mtu asiye na kipimajoto aangalie mvuke: chakula kitoke moshi ndani, si pembeni tu, na mchuzi uchemke ukitokota. Kuna wanaouliza kama moto wa Johannesburg unatosha, kwa kuwa mji huu uko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Mtu aliyezoea kupika maharage Dar es Salaam anajua jinsi maharage ya hapa yanavyochelewa kuiva. Kwa vijidudu jibu ni kwamba moto unatosha kabisa. Kwa maharage, ongeza muda na uyaloweke usiku kucha.

Waliolipa gharama kubwa mwaka ule hawakuwa watu wazima wenye nguvu. Karibu wagonjwa 4 katika kila 10 walikuwa vichanga wasiozidi umri wa siku 28. Mama mjamzito anayepatwa na listeria huenda asione zaidi ya homa ndogo na maumivu ya mwili kama mafua, akanywa dawa ya maumivu na kuendelea na kazi zake. Bakteria anavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba huharibika, au mtoto anazaliwa akiwa maiti, au anazaliwa akiwa na sumu katika damu na homa ya uti wa mgongo. Wengine walio hatarini ni wazee, wenye kisukari, wanaotibiwa saratani na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo katika nyumba yenye mjamzito, poloni, viena na nyama nyingine za kukatwa ziingie kikaangoni kwanza, au zisinunuliwe. Dawa ipo na ni ya bei nafuu, ampisilini ya kawaida, lakini lazima mtu afikiriwe mapema kuwa na ugonjwa huo.

Na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa wa jimbo hili la Gauteng, jimbo tunaloishi.

Tukubaliane basi kwamba baridi haiui na moto unaua. Ingekuwa rahisi kama mambo yangeishia hapo. Lakini wapo vijidudu ambao wakiwahi kutema sumu yao ndani ya chakula, moto hauwezi kuirudisha. Hapa tunamgusa ndugu yetu wa pwani katika jambo analolipenda: kiporo cha wali.

Hatuna ugomvi na kiporo. Wali wa jana uliopashwa kwa mafuta kidogo na kitunguu, pamoja na chai ya rangi, ni kifungua kinywa ambacho hoteli za Sandton haziwezi kukileta. Shida ni saa zile kati ya usiku na asubuhi. Mchele mkavu hubeba mbegu za bakteria aitwaye basilasi, na mbegu hizo hazifi maji yanapochemka. Wali ukiachwa sufuriani juu ya jiko usiku mzima, uvuguvugu unaziamsha, bakteria wanazaana na kutoa sumu ya kutapisha inayostahimili moto. Asubuhi unaupasha mpaka unavuma, bakteria wanakufa, sumu inabaki. Mlaji anatapika ndani ya saa moja hadi sita na kwa kawaida anapona siku ya pili, akiamini amerogwa au kwamba mafuta yalikuwa mabaya. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa inaweza kuwa zaidi ya hapo.

Dawa yake ni saa, si moto. WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 ndipo vijidudu wanapofanya sherehe. Mama zetu huko nyumbani hawakuwa na friji, lakini walipika cha kutosha mlo mmoja, kikaliwa cha moto, na kilichobaki kikapewa kuku. Au sufuria ilifunikwa makaa juu na chini, ikabaki na joto kali hadi wa mwisho alipokula. Utaratibu ule ulikuwa na akili yake. Sisi tumeuacha utaratibu tukabaki na sufuria.

Mazingira ya hapa nayo hayasaidii. Yeoville, Berea, Hillbrow, familia tatu au nne huishi katika nyumba moja na kupokezana jiko. Mtu anapika Jumapili sufuria kubwa ya sombe au maharage ya wiki nzima kwa sababu zamu yake ya jiko ni hiyo. Sufuria ya lita 10 ikifunikwa ikaachwa kupoa, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, hata ikisukumwa kwenye friji ikiwa hivyo hivyo. Tena hapo inavipasha moto na vyakula vya majirani. Ni afadhali kukigawa chakula katika bakuli pana zisizo na kina, kina cha vidole vichache tu, kipoe haraka kisha kiingizwe. Kilichokusudiwa kwa siku ya nne na kuendelea kiende friza. Na kipashwe mara moja, kiasi kile kitakacholiwa, si sufuria nzima kutolewa na kurudishwa kila jioni.

Friji ya watu wengi ina maradhi yake pia. Imejazwa hadi mlango unafungwa kwa goti, mpira wa mlango umechanika, na ndani hewa haizunguki. Jambo la kwanza tunaloshauri ni kipimajoto kidogo cha friji. Bei yake ni ndogo kuliko ya kilo ya nyama, na kitakuonyesha kama iko chini ya nyuzi 5 au kama umekuwa ukilipia kabati.

Kisha kuna umeme. Miaka ya mgawo, hasa 2023 uliokuwa mbaya kuliko yote, Johannesburg ilikatiwa umeme kwa saa mbili au nne kwa mkupuo, mara kadhaa kwa siku. Mgawo ulisimama Machi 2024, ukachungulia tena kwa siku chache mwaka 2025, lakini nyaya zinazoibwa na mitambo inayoungua havifuati ratiba yoyote. Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huhimili saa 48, yenye nusu saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika, mtu asiende kuchungulia kama nyama iko salama. Kuchungulia ndiko kunakoiharibu. Baada ya saa 4 za friji, maziwa, nyama, samaki na chakula kilichopikwa visihurumiwe. Tunajua bei ya nyama. Tunajua pia kwamba kunusa hakutoshi, kwani chakula chenye listeria au sumu ya basilasi hakinuki wala hakibadiliki rangi.

Kuhusu kuku tutasema machache, maana watu wamekwisha kuambiwa, isipokuwa kwamba wanaambiwa na kuendelea. Desturi yetu ni kumwosha kuku kwa maji mengi na ndimu. Maji yale yanaruka kutoka kwenye sinki hadi kwenye vikombe, na vijidudu wa kuku mbichi wanaruka nayo. Asiyeweza kuiacha desturi hiyo amtie kuku ndani ya beseni lenye maji, taratibu, bila bomba kufunguliwa kwa nguvu, kisha beseni na sinki visafishwe kwa sabuni na jiki iliyozimuliwa. Ubao wa kukatia kuku usikatiwe kachumbari. Kosa hili la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza: kuku atapita motoni, kachumbari haitapita. Na kuku wa kuganda ayeyushwe ndani ya friji, rafu ya chini kabisa, usiku mzima, asiachwe kwenye meza tangu asubuhi watu wanapokwenda kazini.

Maji ya mji huu hukatika pia, na watu huweka ndoo. Ndoo ifunikwe na iwe na kata yenye mkono mrefu, vidole visiingie. Mei 2023 huko Hammanskraal, kaskazini ya Pretoria, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 20, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapa.

Kuna aina ya tatu ya hatari, na hii haihusiani na vijidudu vilivyo hai wala na friji. Ni sumu inayoingia katika chakula kabla hakijafika jikoni. Wasomaji wetu wa Kenya hawajasahau mwaka 2004, ambapo mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huko Makueni, Kitui na maeneo jirani yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Waliougua walihesabiwa 317 na waliokufa 125. Ugali ulisongwa kama kawaida, juu ya moto mkali kama kawaida. Aflatoksini haiogopi moto wa ugali. Mahindi au karanga zilizoota ukungu hazichambuliwi wala kuoshwa zikaliwa.

Hapa Johannesburg sumu ilikuja kwa njia nyingine. Oktoba 2024 watoto sita wa mtaa wa Naledi, Soweto, walikufa baada ya kula vitafunio. Uchunguzi uligundua terbufosi, dawa kali ya kuua wadudu mashambani ambayo haikuruhusiwa kabisa kutumika majumbani. Ilikuwa ikiuzwa barabarani katika vipakiti visivyo na maandishi, kwa ajili ya panya. Dawa za namna hii mitaani zina jina la Kisotho, halephirimi, yaani jua halitatua: aliyeila hataliona likizama. Tarehe 15 Novemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa na kusema watoto wasiopungua 22 walikuwa wamekufa katika wiki zile, na kwamba matukio 890 ya kuumwa kutokana na chakula yalikuwa yameripotiwa tangu mwanzo wa Septemba. Aliamuru maduka yote ya spaza yasajiliwe ndani ya siku 21, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Mwezi Juni 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha kupigwa marufuku kwa terbufosi.

Spaza nyingi zinaendeshwa na Wasomali, Wahabeshi na Wabangladeshi. Watu wengi mitaani hawakusubiri maabara. Maduka yaliporwa na kufungwa kwa nguvu, na wageni walishutumiwa kwamba wanawaua watoto makusudi. Katika hotuba ile ile Rais alisema hakukuwa na ushahidi wa njama ya kuwatilia watoto sumu, na kwamba bidhaa hizo zingeweza kuuzwa vile vile katika duka la mwananchi. Alilitaja pia jambo ambalo kila mkazi wa mitaa hii analijua: panya wamezidi kwa sababu taka hazizolewi. Mwenye duka aliyeweka dawa ile kando ya magunia ya unga alifanya kosa kubwa, awe wa taifa lolote. Lakini na nyumba zetu zina panya, na vipakiti vile vilinunuliwa na watu wa kila taifa, wakiwemo wa kwetu. Tuliviona vimewekwa chini ya kabati la jikoni, karibu na chumvi.

Kipakiti cha namna hiyo kikiwa ndani ya nyumba kitolewe leo. Kifungwe ndani ya mifuko miwili, mikono ioshwe, na kisitupwe mahali mtoto anapochezea. Panya watafutiwe mtego na matundu yazibwe. Unga, mchele na sukari vikae kwenye ndoo za plastiki ngumu zenye vifuniko, si katika mfuko wa dukani. Mtoto aliyekula sumu hii hutokwa na mate mengi na jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, anatapika, anatetemeka na kupumua kwa shida. Asipewe maziwa wala asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mbio, pamoja na kipakiti cha kile alichokula kama kipo.

Hospitali yenyewe ni mtihani kwa mgeni, hatutaficha. Mwaka 2025 wafuasi wa kundi la Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati za serikali Johannesburg na kwingineko wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Wapo akina mama waliokaa nyumbani na homa kwa kuogopa lango lile. Ndugu msomaji, kumbuka tuliyosema juu ya homa ndogo ya mjamzito. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003 inawapa matibabu ya bure wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wenye umri wa chini ya miaka sita, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba haki hiyo ni ya wote bila kujali uraia wala karatasi. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililikataza kundi hilo kuwazuia watu kuingia zahanati na kuwadai vitambulisho. Mwenye kwenda aende na mwenzake, ajue sheria hizi kwa majina yake, na amwambie daktari waziwazi: nina mimba, nina homa, na nimekula nyama ya kopo, poloni au kiporo siku fulani. Maneno hayo ndiyo yanayomfanya daktari afikirie listeria.

Kwa kuharisha na kutapika kwa kawaida, kinachoua ni ukavu wa mwili. Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe, tia vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kisha mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, mara kwa mara. Akiharisha damu, akishindwa kunywa, au mtoto akilegea na macho kuzama, hiyo si kazi ya nyumbani tena.

Kuhusu waliofiwa mwaka 2017 na 2018, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu Desemba 2018 kesi ya pamoja dhidi ya Tiger Brands, ikiwagawa wadai katika makundi: waliougua, walioambukizwa wakiwa tumboni mwa mama zao, waliokuwa wakitegemea marehemu, na wanaowatunza waliobaki na ulemavu. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba bima yake imetoa pendekezo la malipo kwa sehemu ya wadai hao. Watoto waliozaliwa na ugonjwa ule na kunusurika wamekwisha kuanza shule, baadhi yao wakiwa hawasikii au hawatembei vizuri.